Sauti ya Nne

Siku Thearidas alipochaguliwa kuwa mmoja wa wasikilizaji watatu, mkewe Melita alicheka mpaka akaweka chini kapu la shayiri. Alisema mji umeishiwa watu, maana nyumbani mume huyo huitwa mara tatu ndipo aitike. Thearidas naye akacheka. Alikuwa na miaka hamsini na saba, paja moja zito kwa jeraha la mkuki, na mji haukuwahi kumpa kazi yoyote zaidi ya kusimama katika safu na ngao yake na kula kwa adabu kwenye meza yake ya watu kumi na watano, kwa kuwa wanaume wa Sparta hula pamoja kwa makundi. Hakuwa mtu wa kusemwa, kwa jema wala kwa baya.

Mmoja wa wazee ishirini na wanane wa Baraza alikuwa amefariki, na Sparta ilipaswa kumpata wa kuketi mahali pake pamoja na wafalme wawili, naye angeketi hapo mpaka kufa. Wagombea walikuwa watano. Wangepita mmoja mmoja mbele ya mkutano, kimya, kwa zamu iliyopigiwa kura, na watu wangempigia kelele kila mmoja kwa kadiri walivyompenda. Wasikilizaji wangefungiwa katika nyumba ya jirani isiyo na dirisha. Wasingemwona anayepita wala kujua jina lake. Wangejua tu kwamba huyu ni wa kwanza, huyu wa pili, na wangesema ni nani aliyepigiwa kelele kubwa kuliko wote.

Kati ya wale watano alikuwamo Sosikles, kaka yake Melita. Thearidas aliona vibaya, akaenda kwa mmoja wa waangalizi watano, wale wanaochaguliwa kila mwaka na ambao hawainuki kitini hata mfalme akipita. Akamweleza kwamba shemeji yake anagombea. Mwangalizi hakuacha kula tini zake.

"Nyumba ile ina dirisha?"

"Haina."

"Basi huna shemeji mpaka jioni."

Kwa hiyo akaingia. Walikuwa mzee mmoja wa miaka sabini, mzito wa sikio la kushoto, na mwanamume wa makamo aliyetaka kurudi upesi kwa mbwa wake wa kuwindia, na Thearidas. Kila mmoja alikuwa na kibao cha nta na kijiti cha kuandikia. Mlango ulifungwa kwa nje. Ndani mlinuka panya na chokaa.

Kelele za kwanza zilikuwa za heshima tu. Kisha nje kukawa kimya, wa pili akianza kupita, na katika kimya kile Thearidas akasikia mtu akikohoa: mara mbili, kikohozi kikavu, halafu akajikwaruza koo. Kikohozi hicho alikuwa amekisikia mezani kwa miaka thelathini. Kilianza siku Sosikles alipopigwa kifuani na mpini wa mkuki, huku akimburura Thearidas kwa makwapa kumtoa katika korongo ambamo wenzao wengi walibaki. Watu wakapiga kelele. Zilikuwa kelele nzuri, za kutosha. Za mgombea wa tatu zilikuwa chache, hata za aibu. Alipopita wa nne, vumbi lilidondoka kutoka kwenye boriti za paa.

Thearidas alichora mstari mrefu kwenye namba ya nne. Kelele za wa tano ziliisha, wakawasha taa ndogo na kulinganisha vibao. Yule mzee alisema wa pili. Kwake sauti za pili zilikuwa na uzito. Mwenye mbwa alisema wa nne, akashangaa kuna mjadala gani. Wote wawili wakamgeukia Thearidas. Kibao chake alikuwa amekiweka gotini, kimewaelekea upande wa mti. Akapitisha kidole gumba juu ya nta, taratibu, mpaka mstari ukafutika.

"Wa pili," akasema.

Nje, jina la Sosikles lilipotangazwa, watu walinyamaza kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Kisha wakashangilia. Wa nne alikuwa Ekhemenes, mtu aliyewafundisha nusu ya vijana wa mji kushika mkuki. Thearidas alimwona akienda kumshika Sosikles mkono, bila kinyongo usoni.

Jioni ile Sosikles alivikwa taji la majani, akazungushwa mahekaluni, wanawake wakimwimbia. Mezani alipewa mafungu mawili ya nyama kama ilivyo kwa mzee mpya. Moja alikula, la pili akalitunza. Baada ya chakula wanawake wa ukoo wakakusanyika mlangoni, naye kwa desturi humpa fungu hilo yule anayemheshimu kuliko wote. Akampa dada yake. Melita alilibeba mpaka nyumbani akisindikizwa na wanawake ishirini, kidevu juu, na Thearidas hakuwahi kumwona akipendeza vile tangu alipomwoa. Alipomkatia kipande, mumewe alisema jino linamuuma.

Miaka ya kwanza alijitetea. Tofauti ilikuwa ndogo, alijiambia. Mzee wa watu naye alisema wa pili. Na Sosikles si mtu mbaya. Na kweli hakuwa mbaya. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa salamu ya Ekhemenes. Kila walipokutana uwanja wa mazoezi, Ekhemenes alimuuliza habari za paja lake, na Thearidas alijibu huku akitazama viatu.

Wafalme wawili wa wakati huo hawakupatana, na watu hawakuona ajabu. Koo mbili za kifalme, nyumba kubwa na nyumba ndogo, hazikuwahi kupatana, na wengi walilala vizuri zaidi kwa kujua hivyo: wafalme wakizozana, hakuna hata mmoja atakayewapanda watu mgongoni. Kila mwezi wafalme waliapa kutawala kwa sheria, na waangalizi, kwa niaba ya mji, waliapa kuwalinda katika ufalme wao mradi washike kiapo. Mfalme naye mezani hupewa mafungu mawili, si kwamba ale kwa wawili, bali amtunuku amtakaye. Fungu la mfalme wa nyumba kubwa likaanza kwenda kwa Sosikles, mara moja kwa mwezi, halafu kila wiki. Sosikles aliyasimulia hayo kwa furaha, kama mtoto aliyepewa farasi.

Mwaka wa sita mfalme wa nyumba ndogo alitoka na jeshi kwenda kuuzingira mji mmoja ng'ambo ya Korintho. Mwana pekee wa Thearidas na Melita alikuwa safu ya pili. Walikuta mto umefurika nyuma yao na adui mbele mara mbili ya walivyotazamia. Mfalme alikaa siku nne, akatuma wajumbe, akafanya mapatano ya siku thelathini, akawarudisha watu wake wote bila kupoteza hata mmoja. Melita alimpokea mwanawe kwa macho makavu, kama mama wa Sparta anavyotakiwa, akamkagua ngao kwanza. Lakini Thearidas alimwona baadaye nyuma ya ghala, ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika.

Mfalme yule alishtakiwa kwamba aligeuza kisogo. Waliomhukumu ni wazee ishirini na wanane, waangalizi watano na mfalme mwenzake. Walikaa kutwa nzima. Kumi na wanane walisema ana hatia, kumi na sita wakasema hana. Kabla hawajakubaliana auawe au afanyweje, alikwisha shika njia ya kaskazini, akaingia mji wa Tegea na kuketi katika hekalu la Athena, ambamo hakuna awezaye kumkamata mtu. Ufalme ukaenda kwa mwanawe wa miaka tisa, chini ya mlezi.

Habari za Baraza hazikai ndani ya Baraza. Kufikia siku ya pili mezani kila mtu alijua nani alisema nini, na Sosikles alikuwa katika wale kumi na wanane. Thearidas aliweka mkate wake wa shayiri chini. Kura zikifungana, mshtakiwa huachiwa. Mtu mmoja tu angekaa upande wa pili, zingekuwa kumi na saba kwa kumi na saba, na Ekhemenes alikuwa akisema waziwazi, popote, kwamba mfalme yule alifanya la busara.

Alimfuata Sosikles nyumbani. Alimkuta anajipaka mafuta kifuani kwa ajili ya kile kikohozi. Akamuuliza ni neno gani katika mashtaka lililomshawishi.

"Hakuna," Sosikles alisema. "Sikumsikiliza sana, shemeji. Nilijua nitasema nini tangu asubuhi."

"Alimrudisha mpwa wako mzima."

"Na nimefurahi. Lakini mtu hawezi kula kwa mmoja akasema kwa mwingine. Ungekuwa wewe ungefanya vilevile."

Thearidas alirudi akiwa na maneno hayo ya mwisho kichwani, nayo yalimuuma kwa kuwa yalikuwa kweli. Yeye alifanya vilevile, tena kabla ya Sosikles.

Siku hiyohiyo alimwambia Melita. Alimweleza yote: kikohozi, vumbi la paa, kidole gumba juu ya nta. Melita alikuwa anasokota uzi, na hakuacha kusokota mpaka alipofika mwisho.

"Ile nyama," akasema.

"Ndiyo."

"Nilipita nayo mbele ya mke wa Ekhemenes. Nilipunguza mwendo makusudi aione vizuri." Akaviringisha uzi wake. "Wewe unaniangalia tu. Miaka sita unaniangalia nikijivuna."

Hakulia wala kupiga kelele. Alimwambia aende kwa waangalizi, na tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina.

Mwangalizi wa mwaka huo alikuwa mtu mwenye haraka lakini si mkali. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akamuuliza kama anajua Baraza limeamua mangapi katika miaka sita. Akamtajia baadhi: watu wanne walionyongwa kwa haki, mapatano na miji miwili, mpaka wa mashamba ya upande wa bahari. Sosikles akiwa si mzee halali, yote hayo yanalegea, na kila aliyepoteza kesi atakuja mlangoni asubuhi.

"Mimi naomba adhabu tu," Thearidas alisema.

"Adhabu ni ya kosa. Hakuna kosa lililotokea."

"Lilitokea. Nililitenda mimi."

"Halikutokea, mzee wangu. Nenda nyumbani."

Wiki chache baadaye aliomba ruhusa ya kwenda Tegea kuweka nadhiri kwa Athena. Alikuwa amevuka miaka sitini na mji haukumhitaji vitani tena, wakamruhusu. Alitembea siku mbili na paja lake bovu, amebeba jibini na tini kavu. Alimkuta mfalme katika kibanda kilichoegemea ukuta wa hekalu, anashona ukanda wa kiatu chake mwenyewe, vibaya. Alikuwa amenenepa usoni na kukonda miguu.

Thearidas hakukaa. Alisema alichokuja kusema. Mfalme akamwamuru arudie, halafu arudie tena, akimuuliza kila kitu: nani alikuwa ndani, nani yu hai, kibao kiko wapi. Thearidas alijibu akidhani anamtua mtu mzigo. Kisha akaona macho ya mfalme yamebadilika.

"Kesho wakubwa wa Tegea watakuja hapa," mfalme alisema. "Utaapa mbele yao. Wakiniamini watanipa mikuki mia sita, na kwa mia sita nitakuwa nyumbani kabla zeituni hazijachumwa."

"Na mbele ya mikuki hiyo atasimama nani, bwana wangu?"

"Atakayesimama."

"Atasimama mwanangu. Yule uliyemrudisha."

Mfalme alikitupa kiatu chini. Alimuuliza huruma hiyo ameipata wapi leo, maana siku ile ndani ya nyumba hakuwa nayo. Thearidas alisema tu kwamba hataapa. Alikuja kukiri, hakuja kuleta vita.

"Kwa hiyo umetembea siku mbili," mfalme alisema, "kuja kuniambia kwamba nilionewa."

"Ndiyo."

"Nilikuwa najua."

Akamgeuzia mgongo. Thearidas aliweka jibini na tini kizingitini, akaanza safari ya kurudi. Njiani alijiona ni mjinga kuliko alivyokwenda. Alikuwa amemwonjesha mtu yule tumaini na kumnyang'anya kwa dakika ileile. Hata nia yake njema ilikuwa na ubinafsi ndani yake, kwa kuwa alitaka mtu mmoja, yeyote, amlaani sawasawa ili yaishe.

Akabaki Ekhemenes. Alimkuta kwenye mto Eurota anaosha mbwa wake jike, maji yamefika magotini. Thearidas alizungumza kutoka ukingoni. Ekhemenes hakushangaa. Aliendelea kumsugua mbwa masikio.

"Nilikuwa nje, Thearidas."

"Najua ulikuwa nje."

"Hujui ninachosema. Nilikuwa nje, na watu elfu kadhaa walikuwa nje, na sote tuna masikio. Jina lilipotangazwa, kila mmoja alimtazama jirani yake. Halafu tukashangilia. Nami nilishangilia." Akamwachia mbwa, akajikung'uta. "Kila mtu alidhani amesikia vibaya yeye peke yake. Au alijifanya kudhani."

Thearidas alimwuliza, akijiona mnyonge kwa kuuliza, kama basi kosa lake ni dogo kidogo. Ekhemenes alitoka majini kabla ya kujibu.

"Hapana. Sisi tulinyamaza. Wewe ulisema." Kisha akaongeza, bila ukali, kwamba asingependa Thearidas amsalimie tena mbele za watu.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Thearidas alikula mezani kwake, akaenda kwenye mikutano, na watu walipopiga kelele yeye alifumba mdomo. Melita alimpikia, akamfulia, akamwongelesha mambo ya shamba. Sosikles aliendelea kuja siku za sikukuu na kukohoa uani, naye hakujua lolote.

Kisha mpita njia akaleta habari kwamba mfalme wa Tegea, kama watoto walivyomwita kwa dhihaka, amekufa kwa homa. Mfalme akifa Sparta, wapanda farasi hutangaza nchi nzima, wanawake hupiga masufuria, na katika kila nyumba mwanamume mmoja huru na mwanamke mmoja huru hulazimika kujipaka majivu na kuomboleza siku kumi. Safari hii hakuna aliyetumwa, hakuna sufuria lililopigwa. Aliyefia uhamishoni na hukumu juu yake hakuwa mfalme.

Asubuhi iliyofuata Thearidas alizoa majivu jikoni, akajipaka kichwani na usoni, akaenda kukaa kwenye jiwe mbele ya nyumba yake. Wapita njia waliduwaa. Jua lilipopanda kidogo alisikia mlango nyuma yake. Melita alitoka amejikata nywele ovyo, uso umejaa majivu, akakaa kando yake kwenye jiwe lilelile.

"Sheria inataka mwanamume na mwanamke," akasema. "Sogea, Thearidas."

Siku ya tatu Sosikles alikuja, amekasirika, akitaka kujua ni aibu gani hii wanamletea mzee wa Baraza. Melita alimtazama mumewe. Basi Thearidas akasema, na kwa kuwa alikwisha kusema mara nyingi, ilichukua maneno machache. Sosikles alisikiliza akiwa amesimama. Alipoelewa, alitafuta mahali pa kukaa, na pasipopatikana akachuchumaa vumbini na vazi lake jeupe.

"Nilikuomba?" akauliza.

"Hukuniomba."

"Miaka tisa nimekaa pale nikidhani watu walinitaka." Kikohozi kikamkamata, akangoja kipite. "Ungeniacha nishindwe, shemeji. Ningeshindwa kama watu wengine. Ningekwenda nyumbani nikalala."

Aliondoka bila kuaga. Barazani aliendelea kwenda, kwa sababu huko mtu hatoki ila kwa kufa, lakini waliokaa naye walisema tangu hapo alikuwa wa mwisho kusema neno, na meza ya mfalme hakuikaribia tena.

Siku ya tano waangalizi walimwita Thearidas. Walimwuliza kama anajua kwamba kumwombolezea mtu aliyehukumiwa ni kuudharau mji. Alisema anajua. Wakamwondoa mezani kwake kwa mwaka mzima, na katika michezo na sikukuu angekaa nyuma kabisa, mahali pa waliotupa ngao. Mmoja wao, labda kwa huruma, alimwambia akanawe uso sasa hivi, na adhabu itapunguzwa nusu.

"Bado siku tano," Thearidas alisema.

Alirudi, akamkuta Melita amekaa palepale, akamweleza walivyoamua. Melita akasema mwaka si mrefu, na kwamba kuna dengu za kutosha kwa watu wawili. Walikaa mpaka siku ya kumi ilipotimia. Kisha wakateremka pamoja hadi mtoni, yeye akichechemea, mkewe akipunguza mwendo ili wafike sawa, na Melita akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumsugua majivu nyuma ya masikio, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kuona.